Saa ya Bulaya Iliruka

Likasi, siku ya Mungu

Baba Ngoie,

Jambo yako, na ya wote munabakia Kapolowe. Nilifika bien, salama, lakini sikia yenye ilinipata.

Unajua Ngoie wetu anatuitaka kila siku ya Mungu kwa simu ya masista saa tano ya kwetu, na kwake Bulaya ni saa ine. Leo nilifika mbele ya wakati. Sista wa mulango akaniangalia sawa mwenye kuona muzimu. "Mama, simu ililia saa ine. Nilimuambia haujafika. Mutoto akalia: 'Mama hachelewake hata siku moja. Alikufa, munanificha.'"

Mie, kufa? Kumbe jana usiku Bulaya walisukuma saa mbele, inchi nzima, ati jua ya joto inakaribia. Walimuuliza nani? Na Ngoie alizani na siye tumesukuma, kumbe saa ine yake sasa ni saa ine yetu.

Saa sita simu ikalia tena. "Ngoie, ni mie."

"Hapana, weye ni mama mudogo, sauti zenu ni moja. Mama iko wapi?"

"Mujinga weye, nani alikukuta chini ya kitanda unalamba maziwa ya unga ya mudogo wako?"

"Mama!" Kisha akalia, lakini ile kilio ya furaha.

Sasa shida: alikwisha kuambia ndugu zetu wa Lubumbashi ati nilikufa. Carte hii ya barua anakuletea shofere wa paroisse, ule wa kanisa. Kama wanafika na matanga mbele mie sijarudi, uwapikie bukari, ugali yetu, uwaonyeshe maandiko ya mukono wangu. Mungu akuchunge, mume wangu. Na usikubali wachinje kuku yangu.

Mama Ngoie