Sababu ya Angetile Kukimbia

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa Bomani, Alhamisi, tarehe 15 Juni 1911, saa nne asubuhi.

Jina: Damari, mke wa Lameck
Umri: hana hakika, anakadiriwa miaka thelathini
Kazi: mkulima wa mpunga na ndizi
Makazi: Bujonde
Dini: Mkristo
Lugha: Kiswahili, alichojifunza sokoni Mwaya

Nimeapishwa kwa Biblia na kuambiwa kwamba nikisema uongo nitafungwa. Sina uongo wa kusema. Sikuletwa hapa na mtu, nimekuja kwa miguu yangu.

Nimekuja kwa ajili ya Ambilikile, ambaye alikamatwa Jumatatu na sasa yuko kwenye mnyororo humu Bomani. Yeye ni mume wa marehemu Angetile, rafiki yangu, aliyepigwa risasi na askari. Nimesikia askari huyo amesema Angetile alimkimbia kwa kuwa alijua walipojificha wapagazi watatu waliotoroka, na kwamba anayewaficha ni mumewe, kwa sababu wawili kati yao ni wa rika lake na wanaishi naye kijiji kimoja. Si kweli. Nitasema kwa nini alikimbia, na naomba iandikwe kama nitakavyosema.

Mnamo tarehe 10 Juni, siku ya Jumamosi, jogoo la kwanza, mimi na Angetile tulitoka Bujonde kuja mji huu wa Boma kumtembelea Maria. Sisi watatu tulibatizwa siku moja. Maria aliolewa na seremala, akahamia huku mlimani mwaka juzi, na tangu hapo hatukuwa tumemwona. Mpunga ulikuwa umeshavunwa na waume zetu walituruhusu. Kusema kweli Angetile hakutaka kuja. Alisema njia ni ndefu na siku hizi imejaa askari. Mimi ndiye niliyemshikilia. Nilimwambia, "Utazeeka hujaona hata dirisha la kioo." Akacheka, akatia mchele na samaki wawili wakavu, mbasa, kwenye kikapu, tukaondoka.

Tulifika jioni, miguu imevimba. Maria alitupokea kwa kelele, "Ndaga, ndaga fijo!" yaani asanteni sana, mpaka majirani wakatoka kutazama. Alipika ndizi na maharage, tukala watatu kwenye chungu kimoja. Karani ananiambia, "Mama, fupisha, mambo ya kula na kucheka hayahitajiki." Yanahitajika. Kwetu kukaa na rafiki, kula naye na kuzungumza mpaka mbavu ziume, tunaita ukwangala, na mwenye jambo baya moyoni hawezi kufanya hivyo. Angetile alikula, alicheka, akalala fofofo. Jumapili tulikwenda ibadani wote watatu, tukapita mbele ya lango la Boma kwenda na kurudi. Mwanamke anayeficha watoro angekuja kukaa siku mbili hapa mlangoni penu? 

Maria alitaka tubaki hata siku moja zaidi. Angetile akamwambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nasi majembe tumeyaacha nyumbani."

Mnamo tarehe 12 Juni, Jumatatu, tuliondoka alfajiri. Kabla ya kuteremkia mto Mbaka tulimkuta askari mmoja mwenye bunduki ameketi kando ya njia. Alituuliza tunatoka wapi na kama tumewaona wapagazi. Tulijibu hatukuwaona. Angetile alisimama mbele yake, kikapu kichwani, akamjibu kwa sauti yake ya kila siku. Askari akaturuhusu kupita, kisha naye akainuka akawa anatufuata kwa mbali. Kama Angetile alikuwa anamwogopa, mbona hakukimbia wakati ule?

Jua lilipofika hapa (shahidi ameinua mkono, yapata saa tatu asubuhi) tulikuwa karibu na kivuko. Njia pale ni nyembamba, huku migomba, huku matete. Mimi nilitangulia, Angetile nyuma yangu. Penye kona akatokea Mzee Nsajigwa, baba yake Ambilikile, ametoka Ndandalo anakuja Bomani kwa shauri la ng'ombe.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu karani ametoka pwani na askari yule naye si wa huku. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hapishani naye njiani, wala hataji jina lake. Akimwona anaacha njia, anaingia majanini, anainama na kujifunika uso mpaka mzee apite. Mzee naye hugeuza uso, na kwake ni kama hakumwona. Ndiyo heshima yetu, tunaita ukutila. Mwalimu wa kanisa ametuambia mara nyingi kwamba kwa Wakristo hayo yamekwisha, nami niliyaacha. Angetile hakuyaacha. Nilikuwa nikimtania kwamba atamkimbia mzee hata mbinguni. Mungu anisamehe utani huo.

Anayetangulia njiani ndiye mwenye kazi ya kuangalia, ili amwambie mwenzake mapema naye ajitenge polepole. Mimi sikuangalia. Nilikuwa nasimulia jinsi mume wa Maria anavyokoroma. Nilipoinua macho mzee alikuwa karibu kama kutoka hapa hadi ule mlango. Angetile alitupa kikapu akakimbilia kwenye matete. Nyuma yetu askari akapiga kelele, "Simama!" Alisema mara moja. Hizo mara tatu anazozidai amezihesabu baadaye.

Angetile hakusimama. Angesimama pale angekuwa uso kwa uso na mkwe wake. Aliingia hatua kama sita, akachutama, akavuta nguo akajifunika kichwa. Alikuwa ametulia. Hapo ndipo bunduki ilipolia. Iandikwe kwamba hakupigwa akikimbia, alipigwa mgongoni akiwa amechutama.

Nilimkuta ameanguka kifudifudi, nguo bado iko usoni. Aliniuliza, "Amepita?" Nikamjibu, "Amepita." Hapo akakata roho.

Lakini mzee hakuwa amepita. Alikuwa amesimama njiani, ametugeuzia mgongo. Askari alikuja akaniuliza watoro wako wapi. Nilimwita muuaji, akanipiga begani kwa kitako cha bunduki. Alama ipo, nimemwonyesha karani. Siku hiyohiyo jioni Ambilikile alikamatwa Bujonde kabla hajamwona mkewe. Tulimzika Angetile bila mumewe.

Naulizwa kama nina kinyongo na askari. Najibu kwamba ninacho, tena kikubwa, na nitakufa nacho. Hata hivyo niliyoyaona ni hayohayo.

Naulizwa kama kuna mwingine aliyekuwepo. Najibu yupo, Mzee Nsajigwa. Yuko hapa nje tangu asubuhi, hajatia kitu kinywani. Mwiteni. Ambilikile ni mwanawe wa kumzaa. Akisema tu kwamba alikutana nasi pale na mkwewe akajificha kwa ajili yake, hamtakuwa na sababu ya kumweka mtu yule kwenye mnyororo.

Niliyoyaona kwa macho yangu nimeyatamka kwa kinywa changu, sina la kuongeza. Nimesomewa yote. Pale karani alipoandika kwamba Angetile alitoroka nimekataa, naye amefuta akaandika alijificha.

Alama ya dole gumba la kushoto: Damari

MANENO YA KARANI
Shahidi hajui kusoma. Maelezo amesomewa kwa Kiswahili na amekiri kuyaelewa.

Mzee Nsajigwa wa Ndandalo ameitwa leo saa nane mchana. Ameulizwa kama siku ya Jumatatu alimwona marehemu kwenye kivuko cha Mbaka. Amejibu: "Sikumwona." Ameulizwa mara ya pili, kwa kuonywa. Amejibu: "Mkwe wangu sijamwona hata siku moja." Hakuulizwa zaidi.

Maelezo ya Damari hayana wa kuyathibitisha. Ambilikile atabaki kifungoni mpaka wapagazi wapatikane.

Yakobo, karani