Damu Niliyoipima Mapema

Maabara, Hospitali ya Watoto
Jumatano, 12 Juni, saa nane mchana

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo huko kambi ya ujenzi? Mgongo umepoa, au bado unabeba nondo kama kijana wa miaka ishirini? Sisi tunajikongoja. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua, mdomo wake mzima kama unavyoujua. Lile bati la jikoni uliloahidi kuliziba likizo iliyopita bado linavuja.

Najua ukiona barua kabla ya simu ya Jumapili utashtuka. Shtuka, kaka. Ni habari ya Chiriku, mwanao.

Unakumbuka daktari alivyotuonya alipomwanzishia dawa za saratani ya damu, kwamba zinaua hata askari wa mwili. Joto likifika thelathini na nane, mtoto aletwe saa ileile, hakuna kungoja. Karatasi ya masharti niliibandika mimi mwenyewe kwenye mlango wa kabati.

Jumapili asubuhi Chiriku aliamka na thelathini na nane na nusu. Wifi akaanza kufungasha nguo za kwenda kulazwa. Mtoto alilia kwa kwikwi, maana hata siku kumi hazijapita tangu atoke wodini. Nami nikajitia mjuaji. Nikasema ngojeni, namtoa damu, nakimbia nayo kazini, nitawaambia kama kuna maambukizi. Si ndiyo maana mnaniita Bi Darubini?

Iko protini fulani kwenye damu, hupanda mwili unapopigana na vijidudu. Kwa mtu mwenye afya haifiki kumi. Ya Chiriku ilisoma sita. Nikapiga simu nyumbani mbiombio: damu safi, mpeni uji, mwacheni acheze.

Sasa sikufichi. Protini ile haipandi papo hapo, huchukua kama nusu siku tangu homa ianze. Mimi nilipima muda wa saa mbili tu baada ya homa. Jambo hilo nawafundisha wanafunzi wangu mwaka wa kumi na moja huu, halafu siku ya damu yetu wenyewe nikalisahau. Hapana, naongopa. Sikulisahau. Nilitaka ile sita iwe kweli.

Jumatatu asubuhi hakuweza kusimama, tukamkimbiza hapa wodini. Protini ilikuwa mia na themanini na nne, na zile chembe nyeupe za kupigana karibu hazipo kabisa. Daktari aliuliza homa ilianza lini. Nikamjibu, akaandika, akanitazama, akaendelea na kazi. Afadhali angenitukana.

Jana ilishuka hadi mia na hamsini, tukashusha pumzi. Mchana Chiriku alifumbua macho akaniuliza, "Shangazi, umeshapima? Ukisema nimepona, mimi naenda nyumbani." Jamani, mtoto yule ananiamini! Nilitoka nikajifungia stoo ya chupa, nikalia mpaka mwenzangu akaja kunigongea.

Leo mrija wake wa damu umeletwa nikiwa zamu. Mwenzangu alitaka kunipokea, nikakataa. Nimepima mara mbili. Mia mbili thelathini na moja, na hii ni siku ya tatu ya dawa za kuua vijidudu. Daktari anabadilisha dawa hivi sasa. Anasema tungoje hadi kesho, na sikuthubutu kumuuliza zaidi.

Wifi amekaa kwenye benchi nje ya dirisha langu, viatu vya Chiriku mapajani, anausoma uso wangu. Hajanilaumu kwa sababu hajui, anadhani homa ilitudanganya sote. Nikishafunga barua hii natoka kumwambia namba ya leo, na ukweli wa ile ya Jumapili. Mficha maradhi kilio humfichua.

Dereva wa lori la saruji atakufikishia kesho asubuhi, kwa kuwa simu huko kwenu hazishiki mpaka ushuke mjini Jumapili. Nimemwomba akungoje. Usikae kunijibu, usikae kunisamehe wala kunilaani, hayo tutayafanya ukifika. Panda lori hilohilo.

Mama anakusalimu sana, na jirani yetu fundi cherehani. Wifi naye anakusalimu. Chiriku hajasema neno tangu jana jioni, kwa hiyo salamu zake sinazo.

Mungu akufungulie njia, kaka, akukutanishe naye.

Dada yako akupendaye,
Bi Darubini