Mistari Chini ya Turubai

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, kazini wanamwita Mama Reki. Umri: miaka 58. Kazi: kusawazisha mchanga, shule ya kupanda farasi. Makazi: chumba kilicho nyuma ya mazizi.

Mwalimu wa farasi mliyemweka mahabusu ni mkwe wangu. Andika pia, afande, kwamba sikumchagua mimi na majigambo yake yananichosha. Lakini uongo siubebi.

Mnamo tarehe 9, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, daktari wa mifugo alimchoma farasi aitwaye Mchele sindano ya kumtuliza, maana hakubali kupigiliwa viatu. Kamba niliishika mimi. Daktari akamwambia Bosi, mwenye shule, "Asipandwe mpaka kesho." Bosi akajibu, "Sawa, daktari."

Saa mbili nilikuwa bombani najaza ndoo. Narudi, namkuta Mchele uwanjani, mwanafunzi mgongoni, kichwa kimeinama mpaka magotini, mdomo unaning'inia. Nikapiga kelele, "Jamani, mshusheni!" Miguu ya nyuma ikapishana, akaanguka. Binti wa watu akavunjika mtulinga. Mkwe wangu alikuwa amekabidhiwa farasi na Bosi, hakuambiwa kitu.

Sasa Bosi anasema mkwe wangu alimchapa farasi akatoka mbio. Thubutu! Mchanga ule nausoma mwaka wa kumi na tisa huu. Farasi akikimbia, mchanga hurushwa nyuma. Akitembea vizuri, ukwato wa nyuma hukanyaga alama ya ukwato wa mbele. Ukwato wa nyuma wa Mchele uliishia shubiri nzima kabla ya alama ya mbele, alama zinayumba huku na huku, na mbele ya kila moja kuna mstari, ncha ya ukwato ilivyoburuzwa. Alikuwa anatembea, tena kwa shida. Ni dawa ile.

Sifichi kitu: upande wa mlangoni niliusawazisha mwenyewe, mkono umezoea. Nilipoiona ile mistari nilijilaani, nikafunika iliyobaki kwa turubai. Bosi akaja: "Mama, sawazisha, wanafunzi wanakuja." Nikakataa. Akasema basi chumba nihame leo leo. Nikamwambia, "Nitahama, na reki nahama nayo." Ndiyo hii hapa. Mjukuu wangu yuko kwenye benchi hapo nje, anauliza baba yake anatoka lini.

Niliyoyasema ni hayo, na siondoi hata neno moja.

Dole gumba la shahidi: (limetiwa)

Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali. Amegoma kutoka kituoni mpaka twende kupima nyayo. Saa nane na dakika kumi mchana naondoka naye kwenda uwanjani na futi ya kupimia. Nilimwomba aache reki kaunta, amekataa.

Koplo wa zamu