Maji Mawili Hadi Kwako

Garsen,
Tana River.
Jumapili, 2 Februari 2025

Mpendwa Eedo Khadra, shangazi yangu,

Sitaki kuja kuolewa huko Minneapolis. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nimelitanguliza neno hili kwa sababu najijua: nikianza na salamu sitalifikia.

Sasa nakusalimu, Eedo. Assalamu alaykum. U hali gani na baridi ya huko? Goti lako je, linakubali kukunjwa unaposwali? Sisi hatujambo. Mama amepona kifua, na mimi tangu nimalize kidato cha nne nakaa dukani.

Habari za Abdulsalam, huyo uliyenitafutia, zilipokewa kwa furaha. Vitambaa vimeshanunuliwa. Mama peke yake ndiye aliyeuliza ni mbali kiasi gani. Baba akanitazama, akasema, "Msomi si huyu? Apige hesabu."

Hesabu ya shuleni ilinishinda. Tulifundishwa miji iliyo kwenye mstari mmoja wa ramani, na Nairobi na kwenu hazina mstari mmoja. Maalim Sadik wa jiografia akaniazima tufe la dunia. Nikavuta uzi kutoka Nairobi hadi kwako kwa njia fupi kabisa, ile inayopanda kaskazini, kisha nikauzungusha kwenye ikweta. Uliingia mara tatu, dunia ikaisha. Ikweta ni kilomita elfu arobaini, basi ndege huruka kama elfu kumi na tatu.

Nilirudi nikidhani hesabu hiyo itanisemea. Bibi yangu, Ayeeyo, akaisikiliza, akauliza, "Na hiyo ndege inakunywa wapi?"

Baba akacheka, akamwambia inatua Doha, halafu Chicago, ndipo ifike.

"Maji mawili tu? Sisi na ng'ombe kwenda Garissa tulikunywa zaidi ya hapo. Khadra yuko karibu."

Wote wakakubali. Safari zetu zimehesabiwa kwa maji tangu zamani, nani atambishia? Hata Mama aliridhika. Mimi niliuzungusha uzi kidoleni nikanyamaza, na unajua kimya cha msichana kwetu huhesabiwa nini. Nikah itakuwa baada ya Ramadhani.

Eedo, ng'ombe akikuta kisima kimekauka hugeuzwa. Mimi nitageukia wapi kati ya Doha na Chicago? Na kama ni karibu, mbona mama yako hajakuona tangu niko darasa la tatu? Kila Ijumaa huiweka simu mapajani akikungoja.

Natamani kusomea ualimu, hata Malindi, mahali ambapo nikilemewa naweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Wanakusalimu Baba, Mama na Ayeeyo. Nisalimie mwanao Fahima na wadogo zake. Mungu akulainishie goti na akuonyeshe tena mto wetu.

Njia hiyo wewe umeipita. Tafadhali mpigie Baba, umwambie mwenyewe kama ni karibu. Ila usinitaje. Sema ni wewe uliyeona ni mbali, na neno langu la kwanza libaki kwako.

Binti wa kaka yako akupendaye,
Ikran