Kopo Lako la Kikolezo Nimelimalizia Bwawani

Út, kitindamimba wangu,

Jumatatu tarehe nne Machi ndiyo siku mambo yalipoharibika. Mwenyekiti wa ushirika alitukataza kuwalisha samaki unga wa dagaa, akatugawia soya na ule unga mweupe, laisini, wa kujazia kinachopungua kwenye soya. Eti kambare watanenepa. Siku kumi wamesusa! Wanenepe kwa kutazama? Mwenye cheo hajawahi kulowa hata magoti.

Basi leo alfajiri nimekosea kopo. Badala ya laisini nimekorogea kikolezo chako chote cha supu, nacho cheupe vilevile. Usinicheke. Bwawa lilijaa midomo, maji kama yanachemka! Hawakubakiza punje.

Kwa hiyo supu ya leo izidishie ukwaju. Nimevuka mto kununua kopo jingine. Mawili. Laisini usiitupe, kesho nitawatilia vyote. Bata hawajapewa maji. ~~Mwenyekiti akija mfukuze.~~ Akija mpe chai, ila usimwambie kitu.

Jambo moja linanichoma. Marehemu mama yako alikuwa akiwamwagia kambare mabaki ya supu kila jioni, nami nikimgombeza, "Samaki ni wageni wako hao?" Akicheka tu. Hivi yeye alijuaje?

Baba