Pampu ya Igalula

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako, mke mwenzio, hajambo, ila mguu unamsumbua. Unasoma mashirikisho huko, unaniuliza serikali kuu iyaachie majimbo madaraka gani.

Zamani tulikuwa na halmashauri yetu ya wilaya. Pampu ya kisima hapa Igalula ikiharibika, fundi wake alifika kesho yake. Halmashauri ikavunjwa, tukaambiwa madaraka sasa yamehamia mkoani, karibu na wananchi. Ngozi ya ndani ya pampu, ile inayovuta maji, ikachakaa. Mkoa ukasema unasubiri kibali kutoka Dar es Salaam. Wiki ya tatu nikakata ngozi ya kiatu changu, nikaitia, maji yakatoka.

Akaja ofisa wa mkoa na Landrova mpya. "Nani kakuruhusu kugusa mali ya serikali?"

"Kiu, ndugu."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Akaamuru ngozi itolewe mpaka kibali kije, ikatolewa huku ndoo zimepanga foleni.

Kwa hiyo usihesabu tu madaraka yaliyoandikwa kwenye katiba za watu. Uliza nani pale anaweza kutengeneza pampu bila kuomba ruhusa. Sisi madaraka tuliletewa mpaka mlangoni, na jioni ile tulirudi kuchota dimbwini pamoja na ng'ombe.

Babu yako