Ndala ya Bluu Kwenye Udongo wa Titye

Data, baba yangu,

Tumekuzika ulipotaka, hapo nyumbani Titye, ubavuni mwa Mama. Haikuwa rahisi, na lawama ni zako.

Wachimbaji walipofika kiunoni, udongo mwekundu uliisha. Likatokea jivu, vipande vya tofali, mifuko ya rambo, betri za redio. Ndipo tukakumbuka: hapo ulikuwa ukichimba udongo wa tofali zako, kisha mashimo unayafukia kwa taka za nyumbani. "Ardhi inameza," ulikuwa ukisema. Data, haikumeza.

Baba mdogo akataka kaburi lihamie kwenye mihogo, mbali na Mama. Nikakataa. Nikashuka shimoni mwenyewe, watu wakiguna, nikaanza kuzoa kwa mikono. Nilitaka ulale pasafi. Shangazi akaniuliza kutoka juu, "Yewe mwana, hayo utayapeleka wapi?" Nikaacha kuzoa. Popote ningeyapeleka, ningechimba shimo jingine.

Basi wakachimba zaidi mpaka udongo safi, wakakulaza huko. Taka zikarudi juu yako.

Juzi, huku Kakonko, niliwaeleza wanafunzi wangu wa jiografia kwamba wataalamu wa miamba wanabishana kama dunia imeingia enzi mpya, enzi ya binadamu, na kama imeingia, ianzie wapi. Wanatafuta tabaka ardhini ambalo alama yake itaonekana dunia nzima. Nikaweka chaki chini. Nilikuwa nimelizoa tabaka la namna hiyo kaburini kwako, na ndani yake kulikuwa na kitu changu.

Unaikumbuka ndala yangu ya bluu, iliyopotea nikiwa darasa la pili? Mama alinichapa. Wewe ukasema mbwa kaibeba, ukacheka. Kumbe uliizoa na taka. Nimeiosha, na bluu yake ni ileile. Mama keshakuwa udongo, nawe unaelekea huko, ndala iko vilevile. Hilo linanitisha kuliko kifo chako, Data, na naona aibu kulisema.

Shimo lako la mwisho la udongo wa tofali, lile la karibu na migomba, bado liko wazi. Baba mdogo ameshaanza kutupa mifuko humo. Jumamosi nakuja na jembe. Nitaitoa yote, ingawa sijui nitaipeleka wapi, na shimo nitalifukia kwa udongo mtupu. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Data. Msalimie Mama. Mwambie ndala imepatikana.

Binti yako